Baiskeli ya babu: usikubali ipakwe rangi

Kama kwenu kuna baiskeli ya mzee imeegemezwa stoo na umeanza kupata hamu ya kuifufua, naomba usome haya kabla hujamwita fundi. Nimeifufua Raleigh ya babu, ile ndefu ya breki za fito na gia tatu, iliyokaa Kisarawe bila kuguswa tangu mzee alipoanza kupoteza macho. Sasa naipanda kila wiki hapa Dar es Salaam. Imenila fedha, imenitia katika mvutano na watu wa nyumbani, na kuna siku fremu iliponea chupuchupu mikononi mwa fundi. Ningependa wewe upitie njia fupi zaidi.

Naanza na jambo ambalo halihusu spana. Baiskeli ya marehemu ni mali ya familia. Baada ya arobaini ya babu, baba mdogo alikuwa ameshaongea na vijana wa vyuma chakavu, na kwa upande wake alikuwa na haki: chuma kile kilikuwa kimejaa kutu, matairi yamepasuka, kuku wanalala juu ya keria. Skrepa hupimwa kwa kilo, na Raleigh kubwa yenye keria na stendi inakaribia kilo ishirini. Kwa mtu anayefikiria bati la nyumba ya mzee linalovuja, hizo si hesabu za kubeza. Nilikaa naye barazani jioni nzima. Nilimwambia, "Baba mdogo, nipe hii, bati nitachangia." Alinyamaza kitambo, kisha akasema nimuulize shangazi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akipakiwa shuleni. Shangazi alikubali kwa sharti moja: isiuzwe. Ukiwa na vitu kama hivi, pata neno la wakubwa wote mapema, na walisikie wote kwa pamoja. Ukishaanza kufungua nati, kila mtu atakumbuka kwamba alikuwa na mpango nayo.

Niliileta mjini kwa kirikuu, nikaiweka uani kwangu Segerea, na kwa muda sikuifanyia lolote zaidi ya kuitazama. Nakushauri nawe ufanye hivyo. Piga picha kila pembe kwa simu: nati ipi iko wapi, waya unapita upande gani, fito za breki zimeungana vipi. Halafu ioshe kwa maji kidogo, sabuni ya maji na kitambaa laini. Usitumie petroli wala tina. Chini ya uchafu wa miaka nilikuta rangi nyeusi bado imo, mistari ya dhahabu imefifia lakini ipo, kichwa cha korongo kwenye nembo ya mbele, na vichwa vingine vitatu vya korongo vimekatwa ndani ya gurudumu la meno la mbele. Kwenye bomba chini ya tandiko kulikuwa na kibati cha kodi ya baiskeli kimefungwa kwa waya, namba zake zinasomeka nusu. Laiti tungeipeleka moja kwa moja kwa mpiga rangi, kibati kile kingeishia kwenye jalala.

Na kuna kitu kilichonifurahisha kuliko nilivyotarajia. Nyumbani kulikuwa na ubishi wa miaka: babu aliinunua lini? Wengine walisema mwaka wa Uhuru, wengine walisema baadaye sana, alipohamishiwa shule nyingine. Habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu chenye gia ndani yake, ilikuwa ya Sturmey-Archer, na kampuni ile ilikuwa na desturi ya kugonga mwaka na mwezi wa kutengenezwa kwenye ganda la habu. Niliisugua polepole kwa kitambaa chenye mafuta ya taa: AW, ambayo ni aina ya habu, kisha 60, kisha 11. Novemba 1960. Haikuambii babu, mwalimu wa Kisarawe, alitoa fedha siku gani, lakini inakuambia kwamba baiskeli haikutoka kiwandani Nottingham kabla ya hapo, na hadithi ya mwaka wa Uhuru ikasimama vizuri. Nilimpigia shangazi simu palepale. Alicheka mpaka akakohoa.

Kwa hiyo ukiwa na baiskeli ya Kiingereza ya gia tatu, soma habu kwanza. Ni karatasi yake ya kuzaliwa.

Sasa kazi yenyewe. Fundi wa kwanza niliyempelekea, simtaji, alikuwa kijana mwenye mikono myepesi, na kwa baiskeli za mtumba za Japani angekuwa hodari kabisa. Tatizo lilianza kwenye kotapini, zile pini mbili zinazofunga mikono ya pedeli kwenye ekseli. Zilikuwa zimeganda. Alichukua nyundo ndogo akaanza kugonga, tap tap tap, huku baiskeli imelala ubavu chini. Kila pigo lilikuwa linaingia kwenye gololi za katikati na kuzitia mashimo kuta zinamozunguka, na ncha ya pini ilianza kupinda kama uyoga.

Namna sahihi nilifundishwa baadaye na fundi mzee anayekaa chini ya mwarobaini karibu na Buguruni. Unamwagia mafuta ya kulegeza kutu, unaacha yalale usiku kucha, unarudia. Unalegeza nati mpaka iwe sawasawa na ncha ya pini, usiitoe, ili ilinde thredi. Kisha unasimamisha bomba zito la chuma juu ya zege, mkono wa pedeli unakaa juu yake na tundu la bomba likiwa chini ya kichwa cha pini, ili nguvu iishie kwenye zege isiende kwenye gololi. Halafu pigo moja la nyundo kubwa. Moja, la uhakika. Mapigo mengi madogo huifanya pini ivimbe na kujibana zaidi. Kama una jiriwa kubwa ya kuibana pini itoke, ni bora kuliko nyundo yoyote.

Ukienda kununua pini mpya, nenda na ya zamani mfukoni. Raleigh ya Kiingereza hutumia pini ya milimita 9.5, na nyingi zinazouzwa ni za milimita 9. Ndogo itaingia, utafurahi, na baada ya wiki mkono wa pedeli utaanza kucheza. Pini mpya mara nyingi hutakiwa kupigwa tupa kidogo kwenye bapa lake, mpaka mikono miwili isimame mstari mmoja, mmoja mbele na mwingine nyuma. Moja iingie kutoka juu, nyingine kutoka chini. Na usivute pini kwa nati: nati ni ya kushikilia tu, ukiilazimisha utang'oa thredi. Baada ya mwendo mfupi wa kwanza kaza tena.

Hapa ndipo fremu iliponea chupuchupu. Kikombe cha gololi cha upande wa kushoto, kile kinachokazwa ndani ya fremu pale ekseli ya pedeli inapopita, kilikuwa kimeliwa, na fundi kijana akaleta kipya kutoka dukani. Kiliingia mzunguko mmoja kikagoma. Akachukua spana ndefu. Nilimwomba asimame, si kwa sababu nilijua kitu, bali sauti ya chuma ilinitisha. Niliifunga baiskeli kwenye bodaboda, nikaondoka nayo.

Mzee wa Buguruni alikitazama kikombe kile bila hata kukipima akasema hakiwezi kuingia maisha. Raleigh walikuwa na thredi zao wenyewe: meno 26 kwa inchi, wakati baiskeli nyingine za Kiingereza, na vipuri vingi vilivyopo madukani, ni meno 24. Ukilazimisha unafuta thredi za ndani ya fremu, na fremu ikishafutwa thredi hapo, imekwisha. Hili ndilo ninaloomba ulikumbuke kuliko yote niliyoandika hapa. Vikombe vya zamani vya Raleigh usivitupe hata vikionekana vibaya. Changu kilipelekwa Gerezani kwa mchonga vyuma, akakisafisha njia ya gololi kwenye mashine yake, kikarudi kinang'aa. Gololi tukaweka mpya zote, za robo inchi, kumi na moja kila upande. Usichanganye mpya na za zamani. Mpya zitabeba mzigo wote peke yake.

Vitu vidogo vyenye kutu, nati, boliti, fito za breki, tuliviloweka kwenye siki usiku kucha, asubuhi tukavisugua, tukavisuuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua ukali wa siki, tukavikausha juani na kuvipaka mafuta papo hapo. Hewa ya Dar ina chumvi. Chuma kilichotoka kwenye siki kikiachwa mpaka jioni kinarudi rangi ya chungwa. Kwa usukani na ringi, ambazo ni chuma chenye kromu, chukua karatasi ya aluminiamu ile ya jikoni, ikunje, ichovye kwenye maji, sugua. Kutu hutoka na kromu haichubuki. Msasa uweke mbali kabisa.

Kuhusu rangi, kila mtu alikuwa na maoni. Majirani, baba mdogo kwenye simu, dereva wa bodaboda, wote walisema ipigwe rangi, iwe nyeusi tii, ing'ae. Nilielewa walichokitaka. Mtu akimpenda mzee wake humvisha nguo mpya. Lakini rangi ya kupuliza ingefunika mistari ya dhahabu ambayo haipatikani tena hapa mjini, ingefunika mkwaruzo wa keria ambapo babu alikuwa akifungia kapu la madaftari, na ingeficha kitu muhimu zaidi: nyufa. Ufa kwenye fremu huanza kuonekana kwenye rangi, mstari mwembamba karibu na maungio, hasa pale bomba la chini linapokutana na kichwa na pale uma wa mbele unapoingia. Rangi mpya juu ya ufa ni hatari iliyopambwa. Tuliichunguza yote kwa tochi, tukagonga mabomba kusikiliza kama kuna sehemu iliyoliwa kwa ndani, tukakuta ni nzima. Nikaipaka nta ya magari, basi. Fedha ya rangi niliipeleka kwenye magurudumu.

Na magurudumu yanataka fedha kweli. Breki za fito zinabana ringi kwa ndani, upande wa spoku, kwa hiyo ringi ikiyumba kidogo tu, unasikia kila mzunguko. Spoku kadhaa zilikuwa zimekatika, tukazibadilisha, na mzee akakaa na gurudumu la nyuma tangu swala ya alasiri mpaka magharibi akilinyoosha, anakaza robo, analegeza robo, anazungusha, anatazama kwa jicho moja. Sijawahi kumlipa mtu fedha kwa moyo mweupe kama siku ile.

Matairi yananunuliwa Kariakoo, lakini nenda na namba, usiende na neno "ishirini na nane" tu. Muuzaji akisikia ishirini na nane anaweza kukupa tairi ya aina mbili tofauti. Ya baiskeli hizi ndefu ni 28 x 1½, na ubavuni kwake kuna namba ndogo 635. Hiyo 635 ndiyo ya kutafuta, ni kipenyo cha ringi kwa milimita. Kuna nyingine inayoitwa 28 pia yenye 622, na kuna 27 za baiskeli za Japani zenye 630, ambazo ukiziangalia kwa macho utaapa ni zilezile. Zinabana nusu, zinagoma nusu, na ukiilazimisha kwa bisibisi unatoboa tyubu.

Tandiko lilinihuzunisha. Lilikuwa la ngozi, limekauka, limepasuka katikati, panya wamemega pembeni. Nilijaribu kulilainisha kwa mafuta, lakini ngozi iliyokufa haifufuki. Tulifungua misumari ya shaba, tukabakiza chuma na springi zake, na fundi wa mikoba akakata ngozi nene mpya ya ng'ombe kwa kufuata ile ya zamani, akailowesha, akaivuta na kuifunga kwa misumari mipya, ikakaukia palepale ili ishike umbo. Ngozi ya zamani nimeitunza kwenye mfuko wa kitambaa. Kama yako bado haijapasuka, ipake mafuta ya kulainisha ngozi kidogo kidogo kwa juu, na mvua isiiguse. Chini ya pua ya tandiko kuna nati ya kukazia ngozi. Iguse kwa adabu sana, nusu mzunguko inatosha mwaka mzima.

Gia ndiyo iliyonipa wasiwasi mrefu. Mafundi wawili walisema nitoe habu ile niweke ya kawaida ya friwili. Mzee wa Buguruni alikataa hata kujadili. Alifungua kifuniko kidogo cha kutilia mafuta kwenye ganda, akatia oili nyepesi, akazungusha, akatia tena, akaacha siku kadhaa, na ile habu iliyolala miaka ikaanza kuzunguka. Ndani haikuwa na shida yoyote. Habu hizi zinahitaji oili. Grisi nzito inagandisha vijino vya ndani na mafuta ya kupikia yanageuka gundi. Kilichokosekana ni waya wa gia na ule mnyororo mwembamba unaochomoza kwenye ekseli. Kiwanda cha Nottingham hakipo tena, lakini jina la Sturmey-Archer lilinunuliwa na kampuni ya SunRace ya Taiwan mwaka 2000 na habu za gia tatu bado zinatengenezwa, kwa hiyo vipuri vipo. Kijana wa jirani anayesoma Uingereza alikuja navyo likizo.

Naomba usikie vizuri juu ya usalama wa gia hii. Kati ya gia ya pili na ya tatu kuna mahali patupu. Waya ukiwa umelegea, habu inaweza kuteleza hapo na pedeli zikazunguka bure bila kushika kitu. Ukiwa umesimama juu ya pedeli unapanda mlima, unaangukia usukani, na nyuma yako kuna daladala. Kwa hiyo kabla ya kila safari weka gia ya pili, chungulia kwenye tundu la nati ya nyuma: bega la kile kijiti cha mnyororo linatakiwa liwe sawa na ncha ya ekseli. Halijawa sawa, rekebisha hapohapo. Na mpaka uizoee, usisimame juu ya pedeli.

Fedha yote ikakaribia laki tatu. Matairi mawili elfu hamsini, tyubu elfu kumi na mbili, cheni elfu kumi, spoku na kunyoosha elfu thelathini na tano, tandiko elfu arobaini na tano, vipuri vya gia vilivyotoka nje elfu sitini, kirikuu elfu thelathini, mchonga vyuma elfu ishirini na tano, na kilichobaki ni pini, gololi, raba za breki, mafuta, soda za mafundi. Kwa fedha hiyo ungepata baiskeli nzuri ya mtumba leo hii jioni. Anayetaka usafiri tu, namshauri anunue hiyo ya mtumba na asijute. Wa kufanya kazi hii ni yule ambaye akiiona ile baiskeli anamwona mtu.

Safari yangu ya kwanza ndefu niliipanga kwenda palepale ilikotoka. Nilitoka Segerea Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, kabla barabara haijachangamka, nikapita Banana, Ukonga, Gongo la Mboto. Kuanzia Pugu Kajiungeni barabara inaanza kupanda na hewa inabadilika, baridi ya msitu inakugusa mikono. Pugu ndiko Mwalimu Nyerere alikofundisha mwanzoni mwa miaka ya 1950 mpaka alipojiuzulu mwaka 1955 kwa ajili ya kazi ya TANU, na babu alipenda kuitaja habari hiyo kila tulipopita pale kwa basi, kwa fahari ya mwalimu kwa mwalimu. Nilipanda gia ya kwanza, taratibu. Gia ya kwanza ya habu hii inakupunguzia robo ya mzigo, haikufanyi upae. Palipokuwa pakali nilishuka nikasukuma. Hakuna aibu katika kusukuma baiskeli ya kilo ishirini mlimani, hata wazee walisukuma.

Nilipokaribia nyumbani kwa shangazi niliweka gia ya tatu kwenye tambarare. Habu hii ikiwa gia ya tatu hulia tik, tik, tik, taratibu, kila unapopiga pedeli. Shangazi alikuwa jikoni, nyuma ya nyumba, hanioni. Alitoka na mwiko mkononi kabla sijagonga kengele. Alisema alikuwa akiusikia mlio huo tangu mtoto, ndio uliokuwa ukiwaambia watoto kwamba baba yupo njiani na madaftari yafunguliwe. Alishika usukani akalia, nami nikalia. Baba mdogo alikuja baadaye, akaizunguka mara mbili, akaniuliza kwa nini sijaipaka rangi. Kisha akakiona kile kibati cha kodi, akainama kukisoma, na habari ya rangi ikaishia hapo.

Kurudi ni mteremko, na mteremko una somo lake. Ringi za chuma zikilowa, raba hazishiki. Siku kavu breki za fito zinatosha kama unazianza mapema, mbele na nyuma pamoja, bila kusubiri lori likukaribie. Siku ya mvua zidisha umbali mara kadhaa, na kwenye mteremko wa Pugu mimi hushuka tu. Wakati wa masika siitoi kabisa kwenda mbali. Ndani ya mji, Barabara ya Morogoro ina njia ya baiskeli kando ya mwendokasi, na inasaidia, ingawa utapishana na bodaboda na meza za wachuuzi humohumo. Kigamboni ni pazuri asubuhi kabla upepo haujaamka. Ufukweni kwenyewe usiipeleke, hata maji yakiwa yamekupwa na mchanga ni mgumu na unakuita. Chumvi ya siku moja inaingia kwenye gololi, na wewe ndiye utakayezifungua tena. Nikitoka upande wa bahari naifuta yote kwa kitambaa chenye maji baridi, naikausha, naipaka mafuta kwenye cheni na fito siku hiyohiyo.

Jioni za kawaida haziendi mbali hivyo. Nina mbwa wa nyumbani, Shaba, ambaye amejifunza kwamba stendi ikilia anatakiwa kuwa getini. Tunazunguka mitaa ya vumbi yeye akikimbia kushoto kwangu, upande ambao hauna cheni. Ukitaka kufanya hivyo na mbwa wako, chanjo ya kichaa cha mbwa iwe imekamilika, kwa ajili yake na ya watoto wa mtaani watakaomkimbilia. Lami ya Dar mchana inaunguza nyayo. Weka kiganja chako juu yake, kama huwezi kukiacha hapo ukahesabu mpaka kumi, naye hawezi. Mwendo uwe wa kwake, na usimfunge kamba kwenye usukani, maana paka mmoja tu anatosha kuwaangusha wote wawili. Tukirudi ananywa bakuli zima la maji na kulala chini ya baiskeli, na mimi nakagua zile pini za pedeli.

Kazi haijaisha. Taa ya mbele bado sijapata ya kufanana nayo, natumia ya betri ya kufunga kwa mpira, na taa nyekundu nyuma, kwa kuwa jioni mjini bila taa ni kujitafutia ajali. Kengele ni ya Kariakoo, si yake. Na wiki iliyopita jirani wa nyumba ya tatu alileta baiskeli ya Phoenix ya marehemu mama yake iliyokuwa ikibebea maandazi, akauliza tuanzie wapi. Nilimwambia aende kwanza akakae na dada zake wazungumze. Akirudi na jibu, mafuta ya kulegeza pini yapo.